Mguu Umepona. Je, Mti Upo?

Mti wa mtundu wenye shimo ukiangushwa kwa ajili ya kuni za bani la kukaushia tumbaku, kinachotoka ndani mara nyingine si asali. Ni kindi, mguu wa nyuma unaning'inia, damu mkiani. Mtoto wa nyumba hiyo anamfunika kwa kipande cha kanga, anamlisha uji kwa kijiko, na baada ya wiki chache mnyama anaruka kutoka kabatini hadi kwenye kenchi. Kaya nzima inatamka neno moja: amepona, tumwachie.

Neno hilo linatamkwa mapema mno. Katika kazi ya kuwarejesha wanyama porini, kufunga kwa kidonda ni kipimo cha kwanza, tena ndicho chepesi kuliko vyote. Nyuma yake vipo vingine vitatu: kula, kuogopa, na pa kukaa. Nitajaribu kuonyesha kwamba hicho cha mwisho, ambacho watu hukisahau, ndicho kinachoamua.

Mfano wetu uwe Igalula, iliyoko Wilaya ya Uyui, kwenye reli ya kati, kabla hujafika Tabora mjini ukitokea Dodoma. Ukanda huu ndio uliopitiwa na misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji; Tura, Rubuga na Kigwa vilikuwa vituo vya wapagazi miaka mingi kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Kiongozi wa msafara hakuwa na faida ya kujua tu kama kidonda cha mpagazi kimekauka. Alihitaji kujua kama mguu ule utabeba mzigo kutoka Tura hadi kwenye maji ya kituo kinachofuata. Kindi naye apimwe kwa safari iliyo mbele yake.

Tunayemzungumzia ni kindi wa miombo, ambaye wataalamu humwita Paraxerus cepapi. Anapatikana kuanzia magharibi na kusini magharibi mwa Tanzania hadi kaskazini mwa Afrika Kusini. Mkubwa wake ana uzito wa gramu 200 hivi. Hulala ndani ya mashimo ya miti, hutoka mchana, na hula mbegu, matunda, majani, maua, utomvu na wadudu.

Tuanze na mwili. Watu humtazama kindi akipanda, wakaridhika. Mtazame akishuka. Kindi wa mitini hushuka kichwa kikitangulia, na huweza kufanya hivyo kwa sababu nyayo zake za nyuma hugeuka zikashika gome huku uzito wote ukining'inia. Kifundo kilichounga kombo kitampandisha juu vizuri, kisha kitamwangusha wakati wa kurudi. Kwa hiyo kizimba cha majaribio kiwe kirefu kwenda juu, kiwe na matawi manene na membamba, na mtazamaji akae mbali. Mkia uliopungua kidogo hauwi hukumu peke yake, maana wapo wanaojifunza upya kujisawazisha. Jicho moja likipotea, mashaka ni makubwa zaidi: anayeishi kwa kuruka kutoka tawi hadi tawi anahitaji kupima umbali, na upande uliokufa ndiko atakakotokea kipanga.

Kuna kilema kingine ambacho nyumbani hakionekani. Meno ya mbele ya kindi hukua maisha yake yote, na hupunguzwa kwa kutafuna vitu vigumu. Taya likiunga vibaya, meno ya juu na ya chini hayakutani. Yanarefuka, yanapinda, na mnyama anakufa njaa chakula kikiwa mbele yake. Uji haulifichui jambo hili kwa sababu uji hautafunwi.

Hapo tunaingia kwenye kipimo cha pili. Vyakula vya jikoni viondolewe kidogo kidogo, na mahali pake pawekwe vitu vya msituni kama vilivyo: maganda ya mbegu ambayo hayajapasuliwa, matawi yenye gome, matunda ya furu na mbula yakiwa msimu wake, kumbikumbi mvua ikianza. Kila asubuhi apimwe kwenye mizani, na uzito uandikwe. Uzito ukisimama au kupanda siku kadhaa mfululizo kwa chakula alichokipasua mwenyewe, amefaulu. Ukishuka, hajawa tayari, hata kama anaruka kama chemchemi.

Kipimo cha tatu ni hofu, na hapa huruma yetu ndiyo inayomharibu. Kindi mkubwa aliyekaa siku chache kwenye boksi hubaki anamwogopa mtu. Mtoto wa kindi aliyelelewa kwa kijiko humwona mtu kama mti wa kupanda. Akiachiwa, atamkimbilia wa kwanza atakayepita, na Igalula, kama vijiji vingi, wa kwanza kupita huenda akawa kijana mwenye manati au mbwa wake.

Hadithi ya Elsa, simba jike wa Joy na George Adamson nchini Kenya, hukumbukwa kama ushindi, na kweli ulikuwa ushindi. Lakini ukiitazama kama fundi, utaona gharama zake. Jaribio la kwanza la kumwachia lilishindikana; aliugua katika eneo lisilofanana na alikozaliwa, akahamishiwa Meru. Huko alifundishwa kuwinda, akajitegemea, na Desemba 1959 akazaa watoto watatu. Januari 1961 akafa kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe. Watoto wake, waliokuwa wamezoea nyama ya kambini, wakaanza kuvamia mifugo ya wanakijiji, ikabidi wakamatwe na kupelekwa Serengeti. Mazoea ya mama na mtu yalilipwa na mbuzi wa jirani.

Mfano mzito zaidi uko kwetu, katika kisiwa cha Rubondo, kusini magharibi mwa Ziwa Viktoria. Kati ya 1966 na 1969, Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt walipeleka huko sokwe 17 kutoka Ulaya. Wengi walizaliwa katika misitu ya Afrika Magharibi, kisha wakaishi kwenye bustani za wanyama, wengine kwa miaka. Hawakupewa mafunzo ya kujitegemea. Kwa vipimo vitatu nilivyotaja, walistahili kufeli, hasa kile cha hofu: madume wawili waliwashambulia watu, wakapigwa risasi. Hata hivyo waliobaki walijifunza chakula cha msituni, wakajenga viota, wakazaana, na uzao wao upo Rubondo hadi leo.

Kwa nini? Kisiwa kiliwabeba. Kulikuwa na msitu wenye matunda, hakukuwa na chui wala simba, hakukuwa na sokwe wenyeji wa kuwapiga vita, na wavuvi walikuwa wameondolewa. Sasa waweke kando yao vifaru weusi waliopelekwa kisiwa hichohicho katika miaka ya 1960. Hao hawakuhitaji kufundishwa kitu. Walikuwa wanyama wa porini kamili. Ujangili ukawamaliza. Sokwe wasio tayari waliishi, vifaru waliokuwa tayari walikwisha. Anayepima mnyama tu bila kupima mahali amefanya nusu ya hesabu.

Turudi Igalula na hesabu hiyo. Kindi wa miombo huishi kwa familia, na wanafamilia hutambuana kwa harufu wanayoshirikiana kwa kupakana na kusafishana. Mgeni asiye na harufu hiyo hufukuzwa. Kwa hiyo mkubwa aliyeumia arudishwe palepale alipookotwa, mapema iwezekanavyo, kabla harufu ya kwao haijapotea. Kumpeleka kwenye msitu mzuri zaidi, mbali, ni kumtupa katika uwanja wa watu wengine.

Mtoto wa kindi aliyelelewa nyumbani hana familia ya kumpokea, kwa hiyo yeye huachiwa kwa awamu. Kizimba chenye sanduku la kulalia hufungwa juu ya mti, mahali pasipo na kindi wengine wengi, akae humo siku kadhaa akizoea sauti na harufu. Kisha mlango hufunguliwa asubuhi na kuachwa wazi. Chakula huendelea kuwekwa, kikipunguzwa, mpaka aache kurudi. Majira nayo yana uzito. Tabora hunyeshewa kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwisho wa mvua kunakuwa na mbegu na wadudu, na nyasi hazijakauka. Ukimwachia kiangazi, unamkabidhi kwa moto wa kichaa.

Na anayefeli je? Yapo majibu mawili magumu: kutunzwa maisha yake yote mahali penye kibali, au kuuawa bila maumivu na daktari wa mifugo. Kumwachia hivyo hivyo ili tusishuhudie kifo chake si jibu la tatu. Wala uamuzi si wa kaya peke yake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na kuwafuga kunahitaji kibali. Ukimwokota kindi, mweke kwenye boksi lenye giza na matundu ya hewa, usimshikeshike, na umpigie afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha uende kituo cha afya.

Sasa tazama tulikoanzia. Nimesema mkubwa arudishwe kwenye mti wake, na mti wake ndio ulioingia kwenye bani. Hiyo ndiyo sehemu ya uamuzi isiyofanyika kwenye kizimba wala kwa daktari. Bani linaweza kulishwa kwa miti iliyopandwa kwa kazi hiyo. Shimo la kulalia kindi huchukua miaka mingi kujitengeneza ndani ya mtundu mzee. Ndugu mkulima, kabla hujainua shoka, zunguka mti uutazame juu. Wenye shimo uache usimame.