Redio Iliyoanza Bila Ruhusa

Ndugu msomaji, nakuomba leo unifuate mbali, mpaka magharibi ya Ireland, kwenye pwani ya mawe na upepo iitwayo Connemara. Huko wako watu ambao lugha ya nyumbani mwao ni Kiairishi, si Kiingereza. Katiba ya 1937 iliipa lugha hiyo cheo cha lugha rasmi ya kwanza ya nchi. Cheo kikubwa hicho! Lakini katika redio ya taifa, iliyoanza Dublin mwaka 1926, Kiairishi kilipimwa kwa kijiko, kama dawa ya mtoto.

Vijana wakachoka kungoja. Mwaka 1969 waliunda chama cha kudai haki za wasemao Kiairishi, na wakati wa Pasaka ya 1970, katika kijiji cha Ros Muc, walirusha sauti zao hewani kwa mtambo mdogo usio na leseni. Waliiita Saor Raidió Chonamara, yaani Redio Huru ya Connemara. Ilidumu siku chache tu, lakini iliwaondolea udhuru wale waliodai kuwa jambo hilo haliwezekani. Tarehe 2 Aprili 1972 serikali ikafungua Raidió na Gaeltachta, makao yake makuu Casla, hukohuko Connemara, na studio nyingine Kerry na Donegal.

Ukiniuliza uzuri wa redio hii u wapi, sitakuonyesha maneno yake makubwa juu ya lugha. Nitakuonyesha matangazo ya vifo. Pamoja na habari za mitaa husomwa nani amefariki, wa kijiji gani, na atazikwa wapi. Bibi kizee asiyejali siasa ya lugha hufungua redio kwa ajili hiyo, maana hataki kukosa maziko ya jirani.

Tena kila upande uliachiwa ulimi wake. Mtu wa Donegal huuliza hali kwa kusema "Cad é mar atá tú?", wa Connemara husema "Cén chaoi a bhfuil tú?", na wa Kerry "Conas taoi?" Waliojifunza lugha shuleni hulalamika kwamba haya huwatatiza. Mimi simo upande wao. Nawe wajua, Kiamu cha bibi hakisemwi kama taarifa ya habari, na hakuna aliyemwambia bibi akinyooshe.

Ila liko jambo nalilaumu. Tangu mwanzo, wimbo wenye maneno ya Kiingereza haukupigwa. Sababu yafahamika: Kiingereza kilikuwa kimejaa kila wimbi jingine. Lakini kijana mwenye hamu ya nyimbo za wakati wake hakuziacha kwa sababu hiyo. Alizungusha kinyonga cha redio, akaenda kwingine, akakosa na mazungumzo ya Kiairishi pia. Wazee wamelinda mlango, mtoto ametokea dirishani.

Ruhusa ilitolewa mwaka 2005, katika kipindi cha usiku cha vijana kilichoitwa Anocht FM. Wako waliosema huko ni kusalimu amri. Sioni hivyo, kwani mtangazaji anayeziunga nyimbo hizo husema Kiairishi. Nalaumu kuchelewa kwake, miaka 33. Mtoto wa miaka kumi siku redio ilipofunguliwa alikuwa mtu mzima wa miaka arubaini na mitatu ilipotoka ruhusa hiyo. Je, nyumbani kwake walikuwa wamekwisha kuzoea kituo gani?