Heko Mafundi wa Shokapu

Nawapongeza kwa moyo wote mafundi pikipiki wa mitaani, hasa wanaobadilisha sili na oili za shokapu za mbele. Kazi yao haionekani. Tairi jipya kila mtu huliona. Sili hukaa ndani, ikizuia oili isitoke na vumbi lisiingie. Ikichoka, oili huanza kuchuruzika, na ikifika kwenye pedi za breki, roho za watu zimo hatarini.

Mtazame fundi mzuri. Akishamwaga oili chafu, hakimbilii kupachika sili mpya. Kwanza hupitisha ukucha kwenye bomba la shokapu akitafuta kutu na mikwaruzo, maana mkwaruzo mdogo tu utaichana sili hiyo. Penye kutu hupasugua kwa msasa laini. Kisha huipaka sili oili, huiweka sawasawa, juu yake huweka ile ya zamani, na kugonga taratibu pande zote mpaka ikae. Oili huimimina kwa kipimo, kulia na kushoto sawa. Wanaokadiria kwa jicho siwasifu hata kidogo.

Dereva wa bodaboda anayeshinda kwenye makorongo huhisi tofauti palepale: akishika breki, pikipiki haizami mbele ghafla, na usukani unamtii.