Kuzoea au kuvumilia? Oberg na wanaokwenda Ghuba

Wanafunzi wa isimujamii hupenda sana kumtaja Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyeupa umaarufu msemo 'mshtuko wa kitamaduni'. Nadharia yake haisumbui kukumbuka: mgeni huanza na fungate, kisha huvurugikiwa, hupata nafuu, mwishowe huzoea. Mafunzo mengi ya kuwaandaa watu kuishi ugenini yamerithi ngazi hizo nne.

Lakini Oberg alikuwa akizungumza na nani? Hotuba yake aliitoa mwaka wa 1954 mbele ya chama cha wanawake mjini Rio de Janeiro, ikachapishwa 1960. Aliowafikiria zaidi ni Wamarekani waliotumwa ng'ambo, watu wenye pasipoti mkobani na nauli ya kurudi kwao. (Ajabu ni kuwa miaka ya 1930 alikuwa amefanya utafiti huku kwetu, Ankole, Uganda.)

Sasa mchukue binti anayetoka Kakamega kwenda Riyadh kufanya kazi ya nyumbani. Ataambiwa avae kwa staha, asiwape wanaume mkono, ajue kutumia mashine ya kufulia. Vyema. Ila chini ya mfumo wa kafala, kibali chake cha kuishi nchini humo hufungamana na mwajiri. Akinyang'anywa pasipoti, au akikaa miezi bila malipo, je, huo nao ni mshtuko wa kitamaduni? Hapana bwana, hiyo ni dhuluma! Nadharia inayomtaka mgeni peke yake ajirekebishe haina neno la kuitofautisha na ugeni wa chakula. Hapo ndipo 'kuzoea' kunapogeuka jina la adabu la 'kuvumilia'.

Na lugha je? Binti akifunzwa Kiarabu cha kupokea amri tu, yaani lete, osha, ngoja, atakuwa amefunzwa kutii wala si kuzungumza. Kiswahili kimeshampa mtaji: sabuni, sahani na dawa anazijua, 'hatari' itaeleweka akitamka 'khatar'. 'Mshahara' ndiyo mtego. Asili yake ni 'shahr', mwezi, lakini Mwarabu wa leo atamwambia 'ratib'. Pasipoti ni 'jawaz'. 'Haki' ni 'haqq', na koo lake litahitaji mazoezi kidogo. Maneno hayo matatu yafundishwe siku ya kwanza, kabla ya mashine ya kufulia.