Tabibu Aliyechora Augusta

Pongezi zangu zinamwendea Alister MacKenzie, tabibu Mwingereza aliyeacha udaktari akachora viwanja vya gofu. Katika Vita vya Makaburu, Afrika Kusini, aliona jinsi wapiganaji wale walivyojificha kwa kutumia umbile la ardhi. Somo hilo hakulisahau. Alipoitwa na bingwa Bobby Jones kubuni uwanja wa klabu ya Augusta National, Georgia, Marekani, hakuujaza mashimo ya mchanga. Ulianza na takriban 22 tu. Ugumu aliuweka kwenye miinuko na miteremko, hasa karibu na bendera, ambako mpira ukitua upande usiofaa huteremka ukaenda zake. Mchezaji wa kawaida hupewa njia pana. Bingwa hulazimika kufikiri. Huo ndio ufundi ninaouheshimu, ingawa klabu yenyewe ilikawia mno kufungua milango: mwanachama wa kwanza mweusi aliingia 1990, wanawake 2012.

Zamani hapo palikuwa kitalu cha miche, Fruitland, na kila shimo la kuchezea bado lina jina la mmea. MacKenzie alifariki Januari 1934, takriban miezi miwili na nusu kabla ya mashindano ya kwanza hapo. Uwanja wake ukiwa umekamilika, hakuwahi kuuona.