Kukagua Gari Lililonyooshwa Uani

Gari lililogongwa kisha likanyooshwa katika gereji ya nyumbani hukaguliwa kuanzia ndani kwenda nje: kwanza umbo la bodi, kisha maungio, halafu bati na puti, na rangi mwisho kabisa. Wanunuzi wengi huanza na rangi kwa kuwa ndiyo inayoonekana, na fundi mjanja analijua hilo.

Magari madogo mengi ya leo hayana chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, hivyo pigo la kwenye bampa laweza kufika hadi nguzo ya mlango. Kuupima upogo huo hakuhitaji mashine. Futi kamba huvutwa kwa mshazari ndani ya chumba cha injini, kutoka tundu la bolti la kona moja ya mbele hadi la kona ya nyuma iliyo mkabala, kisha mshazari wa pili hupimwa vivyo hivyo. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya milimita 3 hivi, bodi bado imepinda, hata kama boneti inafunga vizuri. Matundu yachaguliwe yale yanayolingana kushoto na kulia, maana si kila chumba cha injini kina pande zinazofanana tangu kiwandani.

Uani bodi huvutwa kwa mnyororo na nguzo iliyochimbiwa ardhini, na njia hiyo haina aibu yoyote ikiwa gari limefungwa imara upande wa pili. Fundi anayeijua kazi huvuta kwa kulirudia pigo kinyumenyume, kilichopinda mwisho kikinyooshwa kwanza, tena hupitisha kipimo kidogo kwa kuwa chuma kikiachiwa hurudi. Zinazohitaji jicho kali ni boriti mbili za mbele. Tangu Mercedes-Benz ilipotoa gari la W111 mwaka 1959, kwa ubunifu wa Béla Barényi, sehemu za mbele na nyuma za magari zimekuwa zikiundwa makusudi zijikunje na kumeza nguvu ya ajali. Boriti iliyopinda tu hunyooshwa. Iliyofanya kunyanzi kali hubadilishwa. Ikirudishwa kwa nyundo na gesi hubaki na chuma kilichochoka, na katika ajali nyingine haitajikunja kama ilivyokusudiwa. Nguzo ya katikati mara nyingi ni ya chuma cha nguvu kubwa kinacholegea kikipashwa moto, kwa hiyo doa la buluu au rangi iliyoungua upande wake wa ndani latosha kulikataa gari.

Kwenye maungio, kiwanda huacha nukta za duara zilizopangwa kwa nafasi sawa. Fundi wa uani hana mashine ya kuchomelea nukta hizo. Hutoboa bati la juu na kulijaza tundu kwa mashine ya kuchomelea ya waya. Kazi nzuri hufuata idadi na nafasi za nukta za awali, na ukitazama kwa nyuma, joto limepenya hadi bati la pili. Mshono uliosagwa ukawa laini kama sahani ndio wa kutiliwa shaka zaidi, kwani huenda grainda imelila ungio lenyewe. Baada ya hapo hutakiwa praima ya zinki, sila, na nta ndani ya mapango ya bodi. Mombasa au Tanga, hewa ya chumvi haichelewi kulitoboa ungio lililoachwa uchi.

Bati ndilo linalotofautisha mafundi. Lililopigwa kupita kiasi hutanuka, na likisukumwa kwa kidole gumba hubonyea na kurudi kwa mlio. Puti ni ya kuziba tofauti ndogo zilizobaki. Ikizidi milimita 3 imefanya kazi ya nyundo, na haitakawia kupasuka. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hushika kwa unyonge palipo na puti nene, ingawa haifai kitu kwenye alumini wala bampa la plastiki. Kipimo cha unene kinasema zaidi: rangi ya kiwandani huwa kati ya mikroni 80 na 150 hivi, na ikisomeka 1,000 chini yake mna puti. Kisha utazamwe mstari wa taa ya tyubu unavyoakisiwa mlangoni. Ukiyumba, bati lina mawimbi. Katika karatasi za minada ya Japani, ambazo waagizaji wa magari Afrika Mashariki wanazifahamu, mawimbi hayo ya ukarabati huandikwa W.

Rangi haihitaji maneno mengi. Punje chache za vumbi zinasameheka, kwani uani hakuna chumba cha kupulizia. Rangi iliyorukia raba za milango haisameheki, wala madigadi yenye rangi tofauti na mlango juani.

Hatimaye swichi hufunguliwa. Taa ya mifuko ya hewa lazima iwake kwa sekunde chache kisha izimike. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa kuficha mifuko iliyokwisha kufyatuka, na bei isijadiliwe mpaka mfumo huo upimwe kwa kompyuta.