Kisu cha Jikoni, Bisibisi na Roho ya Mtu: Upasuaji Ndani ya Space Station 13

Magemu mengi yanadai kukufanya daktari. Unaokota kisanduku chenye msalaba mwekundu, afya inapanda, unaendelea kupiga risasi. Space Station 13 haina mzaha huo! Humu mtu akiletwa anagugumia kwa maumivu ya tumbo, unamlaza mezani, unamtia nusukaputi, unampasua ngozi, unamkata mfupa, unaibana mishipa inayovuja damu, unatoa kiungo kibovu kwa mkono wako, kisha unamfunga. Na kama hospitali ya kituo imelipuka na vifaa vyote vimepotea angani, unafanya hayo hayo kwa kisu cha mpishi na bisibisi ya fundi.

Niseme mapema, ili mwenye haraka asingoje mwisho: huu ndio upasuaji bora kuliko wote niliowahi kuukuta kwenye gemu. Nimetoka humo moyo unanidunda, na bado nataka kurudi!

Kwa asiyelijua, tuanzie hapa. Space Station 13 lilizaliwa mwaka 2003 juu ya jukwaa la BYOND, mikononi mwa mtunzi anayejulikana kwa jina la Exadv1. Mwanzoni lilikuwa jaribio la kuigiza mwenendo wa hewa na gesi ndani ya vyumba. Baadaye jamii ya wachezaji ikalichukua, ikaligawa katika matawi mengi, na kila tawi likajiandikia sheria zake. Unakitazama kituo kutoka juu, kimegawanyika vigae vigae, na wahusika ni vikaragosi vidogo vya mtindo wa zamani. Usidanganyike na sura hiyo. Kila kikaragosi ni mtu halisi aliyeketi mbele ya kompyuta yake, na kila mmoja ana kazi: nahodha, fundi wa mitambo, mpishi, mkulima, msafishaji, mlinzi, daktari. Katikati yao mara nyingi kuna msaliti aliyetumwa kuiba, kuua au kuharibu. Ndiyo maana wodi haikauki wagonjwa.

Mimi nilichagua udaktari katika tawi la /tg/station, na hayo nitakayoyaeleza yanatoka huko, kama nilivyoyakuta nilipocheza.

Kwanza, mwili. Hakuna mstari mmoja wa afya unaopanda na kushuka tu. Kuna madhara ya kupigwa na kukatwa, ya kuungua, ya sumu, na ya kukosa hewa, na kila moja lina tiba yake. Ndani ya mwili mna viungo kweli kweli: moyo, mapafu, ini, tumbo, macho, masikio, ulimi, ubongo, hata kidole tumbo. Kila kimoja kinaweza kuharibika, kutolewa, kushikwa mkononi na kuwekwa ndani ya mtu mwingine. Ini bovu linatoka, ini zima linaingia. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilisimama nikashangilia chumbani peke yangu!

Pili, utaratibu. Mgonjwa analala. Unachagua sehemu ya mwili kwenye kijisanamu kilicho pembeni ya skrini, unamfunika kitambaa cha upasuaji, na orodha ya operesheni inafunguka. Ukitaka kufikia viungo vya kifuani, unaanza na kisu cha upasuaji kuchana ngozi. Unafuata na kipanuzi kuitanua, kisha msumeno kupita kwenye mfupa, kibano kuizuia mishipa, na kisu tena kuingia ndani. Hapo ndipo unapogusa kiungo chenyewe. Mwisho ni chuma cha moto cha kuunguza na kuziba kidonda. Ukiruka hatua, hakuna kinachofanyika. Ukiwa katika hali ya mapigano badala ya hali ya kawaida, kisu kile kile kinamchoma mgonjwa wako! Vidole vinakutetemeka kwenye kipanya, na mlangoni wamesimama watu wawili wanauliza kama mwenzao atapona.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe, kilichonifanya niandike makala haya.

Gemu hili halikuulizi kama una kisu cha upasuaji. Linakuuliza kama ulichoshika kinakata! Kila hatua ina orodha ya vitu vinavyoweza kuifanya, na kila kitu kina alama yake. Kwenye kuchana ngozi, kisu cha upasuaji kina alama 100, kisu cha jikoni 65, kipande cha kioo kilichovunjika 45, na chochote kingine chenye makali 30. Kwenye kutanua, bisibisi ina 45. Kwenye kubana mishipa, koleo ya kukatia waya ina 60, na waya wa umeme wenyewe una 15. Mfupa unaweza kukatwa kwa shoka la zimamoto, alama 50. Kidonda kinaweza kuzibwa kwa kifaa cha kulehemu, alama 70, au kwa kitu chochote chenye moto, hata kiberiti cha gesi, alama 30. Kitambaa cha upasuaji kimekosekana? Vua shuka kitandani!

Na hesabu iliyo nyuma ya alama hizo ni ya kupigiwa saluti. Chombo duni hakikuadhibu papo hapo. Kwanza kinakula muda. Muda unaotumika unapopita mara mbili ya muda wa kawaida wa hatua hiyo, ndipo ziada inageuka kuwa uwezekano wa kuharibu. Mahali pa kazi napo panahesabiwa: meza ya upasuaji ni bora kuliko zote, meza ya kawaida iko chini yake, kitanda kiko chini zaidi. Ona basi kinachotokea. Kisu cha jikoni juu ya meza halisi ya upasuaji hakina hatari ya kukosea hata kidogo, kinakuchelewesha tu. Kipeleke kisu hicho hicho kitandani na hatari inaanza. Kwa hiyo daktari mwenye akili, vifaa vikipotea, hapotezi muda kutafuta kisu bora. Anaburuta mgonjwa hadi kwenye meza bora! Hakuna ukurasa wa maelekezo ulionipa somo hilo. Nililigundua kwa kutazama nani anapona na nani haponi, na furaha yake siwezi kuieleza.

Raundi iliyonimaliza kabisa ilikuwa hii. Mlipuko ulifungua ukuta wa hospitali na hewa yote ikatoka. Hakuna aliyeweza kuingia bila vazi la angani. Wakati huo huo fundi mmoja wa mitambo akaanza kulalamika tumbo: kidole tumbo kimevimba, balaa ambalo gemu humtupia mtu bila taarifa. Tukambeba hadi baa na kumlaza juu ya meza. Mpishi akaleta kisu. Msafishaji akaleta shuka. Mhudumu wa baa akamimina vodka juu ya mgonjwa, na si kwa mbwembwe: pombe kali ikimwagiwa ngozini huharakisha upasuaji, na kadiri inavyokuwa kali ndivyo inavyosaidia. Ubaya ni kwamba inamfanya mtu awe rahisi kushika moto, kwa hiyo mwenye sigara alifukuzwa kwa kelele!

Kisu kikapita taratibu. Ikafuata zamu ya bisibisi kutanua. Chombo duni juu ya meza ya kawaida kina hatari yake. Jaribio la kwanza lilikwenda vibaya na damu ikatapakaa. La pili likapita. Koleo ya kukatia waya ikabana mishipa. Kidole tumbo kikatoka, chekundu, kikatua kiganjani mwangu. Fundi mwenzake akaniazima kifaa cha kulehemu, nikafunga. Mgonjwa akainuka, akaandika "asante daktari", akarudi kwenye mitambo yake. Baa nzima ililipuka kwa shangwe. Hakuna filamu fupi iliyotengenezwa na studio inayoweza kunipa hilo, kwa sababu hakuna aliyelitunga. Lilitokea!

Anayedhani haya ni ndoto za watunga magemu, aitazame historia. Mwaka 1961, katika kituo cha Kisovieti cha Novolazarevskaya huko Antaktika, daktari Leonid Rogozov alipatwa na uvimbe wa kidole tumbo. Daktari mwingine hakuwepo. Alijichoma dawa ya ganzi, akajipasua mwenyewe huku wenzake wasio madaktari wakimshikia kioo na vifaa, na akapona. Mwaka 1995, ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Hong Kong kwenda London, Profesa Angus Wallace na Dakta Tom Wong walimwokoa abiria ambaye pafu lake lilikuwa limebanwa na hewa kifuani. Walitumia waya wa kitundikio cha nguo, mrija wa mkojo, chupa ya maji ya kunywa, na brandi ya kuulia vijidudu. Brandi! Nilipokuwa nasubiri vodka ile ndani ya baa, ndege ile ndiyo iliyonijia akilini. Waliobuni gemu hili wameelewa jambo ambalo magemu yenye bajeti kubwa hayajaligusa: udaktari uko kwenye kujua hatua, na chombo ni kile kilichopo.

Na bado sijagusa yote. Unaweza kumbadilisha mtu sura, jambo ambalo wasaliti wanalipenda mno. Unaweza kuficha kitu ndani ya kifua cha mtu na kumshonea humo humo. Unaweza kumwekea mkono wa bandia, na ukikosa mkono wa bandia, msumeno wa mnyororo unakubalika mahali pake! Ubongo wa marehemu unaweza kutolewa, kuwekwa kwenye chombo maalumu na kupelekwa kwa mtengeneza roboti, naye aliyekufa akarudi kazini akiwa mashine. Kila moja ya hizi ni hadithi inayosubiri mtu wa kuianzisha.

Ugumu upo, na mwenye nia aujue. Vitufe ni vingi na havikubembelezi. Raundi za mwanzo zitakwenda kwenye kujifunza kushika kitu, kukiweka chini na kubadilisha mkono. Mazungumzo kwenye seva nyingi ni ya Kiingereza. Seva kubwa ziko mbali, Marekani na Ulaya, kwa hiyo intaneti ya kusuasua utaihisi, ingawa upasuaji unavumilia kuchelewa kuliko mapigano. Sheria nazo hutofautiana kati ya tawi na tawi, na Goonstation ina mtindo wake kabisa wa kupasua. Lipo pia Space Station 14, lililoandikwa upya kwa lugha ya C# na lenye sura laini zaidi, lakini kwa upasuaji ninaousifu hapa, anzia 13.

Mazuri yanafuta hayo yote. Gemu ni la bure. BYOND ni ya bure. Kompyuta ya kawaida yenye Windows inatosha, bila kadi ya picha ya bei mbaya. Ingia kwa cheo cha daktari, waambie wenzako kwamba wewe ni mgeni, na wengi watakuonyesha kazi kwa moyo mkunjufu. Anza kwa kutibu majeraha madogo mezani: chana, tanua, bana, tibu, funga. Ukizoea, mwombe mkuu wa hospitali akuachie kiungo. Kisha siku vifaa vitakapopotea, na vitapotea, usikimbie. Tazama chumbani kuna nini chenye makali, nini kinachobana, nini chenye moto.

Hukumu yangu haina kigugumizi: kama unapenda magemu na hujawahi kumwokoa mtu kwa kisu cha mpishi, bado kuna starehe kubwa hujaionja. Pakua BYOND leo, tafuta seva yenye watu, na uingie thieta!