Ndege wa Uani katika Rangi za Maji: Kazi ya C. F. Tunnicliffe

Ndege asiyejulikana humsamehe mchoraji wake. Mtazamaji ambaye hajapata kumwona ndege wa misitu ya mbali hana kipimo cha kumhukumia aliyemchora. Lakini shomoro aokotaye punje mlangoni anajulikana na kila mtu, na kosa katika unene wa mdomo wake au mkao wa mkia wake huonekana mara moja, hata na mtoto. Kwa sababu hiyo kazi ya Charles Frederick Tunnicliffe, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1901 na kufariki mwaka 1979, yafaa ipimwe kwa ndege wa uani na wa mashambani, wala si kwa mabata bukini na vipanga waliompatia sifa maonyeshoni.

Tunnicliffe alilelewa shambani katika jimbo la Cheshire, akasoma London katika Royal College of Art, na tangu mwaka 1947 hata kufa kwake alikaa Malltraeth, katika kisiwa cha Anglesey, Wales, nyumba yake ikielekea hori. Kazi yake ya ndege ni ya namna tatu, na si haki kuzichanganya. Ya kwanza ni michoro ya haraka, iliyofanywa daftarini mbele ya ndege aliye hai. Ya pili ni michoro ya vipimo: ndege aliyeokotwa amekufa, au aliyeletwa na marafiki, alilazwa mezani, akapimwa, akachorwa kwa ukubwa wake halisi, bawa likitandazwa na kuonyeshwa juu na chini, unyoya kwa unyoya. Ya tatu ni picha zilizokamilika, za kuuzwa na za kuchapishwa vitabuni. Mwaka 1945 alitoa kitabu, Bird Portraiture, cha kuwaelekeza wanaojifunza ufundi huo.

Rangi za maji ni chombo kigumu. Weupe wake ulio bora ni weupe wa karatasi yenyewe. Mchoraji huanza na rangi nyepesi na kuendelea kwenye nzito, na mahali alipopatia giza kabla ya wakati ni shida kupatia nuru tena, isipokuwa kwa kubandika rangi nyeupe nzito, ambayo aghalabu huonekana kuwa kiraka. Ndege wa rangi kali huweza kuyaficha makosa hayo. Shomoro hana pa kuyafichia. Dume ana utosi wa rangi ya majivu, koo jeusi, na mgongo wa kahawia wenye michirizi. Jike ni kama udongo mkavu tu. Msomaji wa Mombasa aweza kuyahakikisha haya bila kwenda Ulaya, kwa kuwa shomoro wa Uingereza na shomoro wa mitaa ya mji huo ni wa aina moja.

Hapa lugha ina neno la kusema. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vyenye asili yake na vinavyofuata upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi zimetajwa kwa vitu: kijivu kwa majivu, kahawia kwa kahawa, kijani kwa majani. Huenda mtu akaona huo ni upungufu. Lakini asemaye "rangi ya majivu" yu karibu zaidi na burashi kuliko Mwingereza na ndege wake mdogo wa bustanini, robin, ambaye kwa Kiingereza cha zamani aliitwa "kifua chekundu". Kifua hicho si chekundu, ni cha rangi ya chungwa. Jina lilitangulia, Waingereza hawakuwa na neno la rangi hiyo mpaka tunda lilipowafikia, na ni katika karne ya 16 ndipo jina la tunda lilipotumika kwa rangi. Wachoraji wengi wa kadi za Krismasi wamelitii jina, wakampaka ndege huyo damu. Michoro ya vipimo ni dawa ya ugonjwa huo, maana maiti mezani haina jina, ina rangi tu.

Walakini dawa hiyo nayo ina madhara. Mkia wa shomoro una manyoya 12, na Tunnicliffe aliyajua yote. Lakini ndege aliye hai haonyeshi manyoya 12, huonyesha mchirizi mmoja wa giza kabla hajaruka. Katika picha nyingi zilizokamilika elimu ya mezani imeingia bustanini bila kubisha hodi. Zinafanana na mtu anayezungumza huku akitaja ngeli ya kila jina alitumialo: hakosei, lakini hasikilizwi. Ndivyo ilivyo katika vitabu vinne vya majira ya mwaka vya Ladybird, vilivyotoka kati ya 1959 na 1961 kwa maelezo ya E. L. Grant Watson. Kila ukurasa ulitakiwa ufundishe ndege, maua na matunda kwa pamoja, na ndege wamesimama kama walioitwa majina darasani. Lawama hapa ni ya kazi iliyoagizwa kuliko ya mkono ulioifanya.

Kinyume chake, kadi 50 zilizotiwa katika pakiti za chai za Brooke Bond mwaka 1957, kampuni ambayo wakati huo ilikuwa na mashamba Kericho, hudharauliwa kwa kuwa ni vitu vya watoto. Hazistahili dharau hiyo. Mchoro ukipunguzwa kufikia upana wa vidole viwili vitatu, hesabu ya manyoya hupotea yenyewe, na kinachobaki ni mkao. Na mkao Tunnicliffe aliupata madaftarini, kwa ndege walio hai.

Mwaka 1974 Royal Academy, iliyomfanya mwanachama kamili mwaka 1954, ilionyesha michoro yake ya vipimo, ambayo hakuichora ili ionyeshwe. Ina nguvu kuliko picha nyingi alizouza, kwa kuwa ndege aliyekufa haigizi uhai. Baada ya kifo chake mkusanyo huo ulikaribia kutawanywa mnadani. Mwaka 1981 baraza la Anglesey liliununua, na sasa umehifadhiwa Oriel Môn, Llangefni. Tangu mwaka 2002 shomoro na kwezi wamo katika orodha nyekundu ya ndege wanaopungua Uingereza. Ikiwa mtoto wa huko atakua bila kumwona shomoro mlangoni, kipimo kile cha macho kitakuwa kimetoweka, na itambidi aanzie kwenye michoro ya mezani ndipo aweze kuzihukumu picha.